Mlima mmoja, mawe matatu: kisa cha chembe za Mlima Kenya

Mwaka 1887 Sámuel Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria aliyekuja Afrika Mashariki kuwinda na kuvumbua, aliupanda Mlima Kenya kutoka kusini-magharibi akafika kama mita 4,350. Aliposhuka alikuwa akiamini kwamba ameiona kasoko ya volkano. Ukiliona bonde ambalo leo linaitwa kwa jina lake hutamcheka: kuta za mwamba huku na huku, vilele vikali mbele, na kila kitu kinaonekana kama mahali palipolipuka zamani. Miaka 6 baadaye, mwaka 1893, alifika John Walter Gregory, mwanajiolojia wa Uingereza, yuleyule aliyeeneza jina la Bonde la Ufa katika sayansi. Yeye akasema hapana. Kasoko ilishatoweka. Vilele vya katikati si ukingo wake, ni kizibo cha koo la volkano, yaani magma (mwamba ulioyeyuka) iliyogandia njiani, na mlima uliokuwa umelizunguka koo hilo umekwisha kuliwa na barafu na maji.

Leo hakuna anayebishana na Gregory. Mlima Kenya ulikuwa hai takriban kati ya miaka milioni 3.1 na 2.6 iliyopita, na inakadiriwa kwamba ulipita mita 6,000 kabla haujapunguzwa. Kilele cha Batian sasa kina mita 5,199, cha Nelion 5,188. Lakini hukumu ya Gregory inafaa kufikiwa upya kwa mawe yenyewe, kwa sababu mlima huu una jambo la nadra: magma ya aina karibu moja ilitoa mawe matatu ambayo asiyejua ataapa hayana undugu wowote. Hapo ndipo kanuni tuliyokaririshwa shuleni inapoanza kuyumba, ile isemayo kwamba chembe kubwa maana yake jiwe lilipoa polepole chini ya ardhi na chembe ndogo maana yake lilipoa haraka juu. Kwa mawe mawili kati ya haya inafaa, ingawa ukiifuatilia kwa karibu utaona inafaa kwa sababu tofauti na zile tulizoambiwa. Kwa jiwe la tatu inakwama.

Mawe yenyewe

Jiwe la kwanza ni la Batian na Nelion. Wapandaji hulipenda kwa jinsi linavyoshika kiatu, na wengi huliita graniti. Si graniti, ni sayenaiti ya nefelini. Rangi yake ni ya kijivu, na chembe zake zina ukubwa wa milimita kadhaa, unaziona bila lenzi. Zimeng'ang'aniana, kila moja imekomea pale jirani yake ilipoanzia, hakuna nafasi wala gundi katikati. Kuna madini ya aina tatu: kuna feldspa inayometameta ukiligeuza jiwe juani, kuna nefelini yenye mng'ao wa mafuta, na kuna vijiti vyeusi vyenye ukijani vya pairoksini iliyojaa sodiamu. Kwatsi, ambayo ni silika tupu (silikoni na oksijeni), utaitafuta hadi jioni usiipate. Nefelini hutokea pale silika inapokuwa haba, na silika ikiongezeka kidogo nefelini inageuka kuwa feldspa, kwa hiyo magma iliyobakiza nefelini haikuwa na ziada ya kutengenezea kwatsi. Kwenye uso uliopigwa na jua na mvua miaka mingi nefelini huoza mapema kuliko feldspa na kuacha vishimo. Pitisha kidole: utahisi mashimo madogo na feldspa zikiwa zimesimama kandokando yake.

La pili ni fonolaiti, jiwe la mitiririko ya lava kwenye miteremko. Lina rangi ya kijivu cheusi chenye ukijani kidogo, limebana, na bapa lake ukiligonga kwa nyundo hulia. Chembe huzioni. Likate liwe kipande chembamba cha milimita 0.03, mwanga upite, ulitie chini ya hadubini, ndipo utakapokutana na familia ileile: feldspa, nefelini, pairoksini. Katika vitabu fonolaiti na sayenaiti ya nefelini zinahesabiwa kuwa mwamba mmoja kwa kemia, zinatengwa na ukubwa wa chembe tu.

La tatu ndilo linalonifanya niandike. Gregory alilipa jina la kenaiti mwaka 1900, kwa heshima ya mlima. Wataalamu wa siku hizi wanapendelea kuliweka chini ya fonolaiti na kuliacha jina hilo liwe la kienyeji, jambo ninaloliona kuwa la haki kwa mpangilio wa majina na la hasara kwa macho, maana ukishaliona kenaiti mara moja hulisahau. Mwili wake ni mweusi, mara nyingi wa kioo kitupu chenye kumeremeta, na ukiuvunja unakatika kwa mikunjo laini jinsi chupa inavyokatika. Ndani ya weusi huo zimekaa fuwele za feldspa zenye urefu wa sentimita moja, mbili, wakati mwingine zaidi, zenye rangi ya kijivu au nyeupe chafu, na jiwe likikatika zikatokea kwa upande wake zinaonyesha umbo la msambamba uliochongoka pembe mbili. Feldspa hiyo ni anothoklasi, yenye sodiamu na potasiamu pamoja. Kwenye jiwe lililokaa nje muda mrefu kioo hulika kwanza na fuwele zikabaki zimechomoza, na ukitembea juu yake unazihisi kwenye soli.

Basi hapo kuna chembe kubwa kuliko za sayenaiti ya kilele, ndani ya kioo kisicho na chembe hata moja. Kanuni ya shule inatakiwa iseme kwamba jiwe hili lilipoa polepole sana na pia lilipoa haraka mno.

Hesabu ya joto

Tuanze na lile lililo rahisi. Mwamba ni mvivu wa kupitisha joto. Kwa makadirio ya haraka, muda unaohitajika ni umbali kwa mita ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukagawanywa kwa sehemu moja ya milioni, na jibu lake liko katika sekunde. Kwa umbali wa mita 1 unapata siku 12 hivi. Kwa mita 10 ni kama miaka 3. Kwa mita 100 ni miaka 300 na ushei, na kwa mita 300 unakaribia miaka 3,000. Upana ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Ndiyo maana mtiririko wa lava wenye unene wa mita chache na kizibo cha volkano chenye upana wa mamia ya mita ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama magma ilichotwa kwenye hodhi moja.

Angalia kwamba hesabu hii haikutaja kina. Kizibo cha Mlima Kenya hakikuganda kilomita 10 chini ya ardhi ambako tumezoea kuyaweka mawe ya chembe kubwa. Kiliganda ndani ya volkano yenyewe, kwenye koo ambalo magma ilishalipita mara nyingi na kuzipasha moto kuta zake. Kilichokilinda ni upana wake, kuta za moto na kifuniko juu yake. Kifuniko hicho kina kazi ya pili ambayo mara nyingi husahauliwa: kinaibana magma isiachie maji na gesi zake. Magma yenye maji ina mnato mdogo, atomu zinasafiri ndani yake kwa wepesi, na fuwele inapata chakula kutoka mbali.

Sasa mrudie Teleki. Kama vilele vile vingekuwa ukingo wa kasoko, ungetarajia vijengwe na vitu vinavyojenga ukingo: tabaka la lava, tabaka la majivu, mawe yaliyorushwa yakagandamana, yote yakiinama kuelekea nje. Badala yake unakuta mwili mmoja mzito usio na matabaka, wenye chembe za milimita kadhaa. Mwamba wa namna hiyo haukuweza kuganda hapo ulipo ukiwa wazi, mita 5,000 na zaidi kwenye baridi ya usiku wa mlimani. Ulikuwa umefunikwa. Na kama ulikuwa umefunikwa, kilichoufunika kimekwenda, na hicho ndicho mlima uliopotea. Ushahidi mwingine upo, wa mabonde na wa jinsi lava zinavyoinama, lakini mimi ningetosheka na huu wa chembe.

Swali la mbegu

Kanuni ya shule inakosea kwa kuifanya chembe kuwa saa. Fuwele haianzi kukua kwa sababu muda umepita. Inahitaji kwanza mbegu, fungu dogo la atomu zilizojipanga sawasawa bila kubomoka, kisha inahitaji kulishwa. Kuna mambo mawili basi, idadi ya mbegu na kasi ya kukua, na hayo mawili hayaendi pamoja. Magma ikiwa imeshuka kidogo tu chini ya kiwango cha kuganda, mbegu ni chache lakini atomu bado zinakwenda kwa urahisi, kwa hiyo kila mbegu inajipatia eneo kubwa. Ikishuka zaidi, mbegu zinafumuka kwa wingi na kila moja inakuta jirani kabla haijapata unene. Ikishuka mno, mnato unakuwa mkubwa kiasi kwamba hata mbegu haijipangi, na kimiminika kinabaki kilivyo hadi kinakuwa kigumu: hicho ndicho kioo. Aliyewahi kupanda mahindi kwa kubananisha anajua shamba lilelile, mvua ileile, linavyoweza kutoa vigunzi badala ya magunzi, na kosa si la muda.

Kupoa polepole kunasaidia kwa kuwa kunaiweka magma muda mrefu kwenye eneo la mbegu chache. Hiyo ndiyo sababu halisi ya kanuni kufanya kazi mara nyingi. Lakini kuna njia nyingine za kufika eneo hilo, na njia nyingine za kuliruka.

Ushahidi hauko mbali. Karibu na Naivasha, kwenye eneo la Hell's Gate na milima ya Eburru, kuna obsidiani, kioo cheusi ambacho watu wa kale walikichonga wakatengeneza visu na vichwa vya mishale. Mitiririko ya obsidiani duniani inaweza kuwa minene, makumi ya mita, na kwa hesabu ya joto tuliyoifanya hapo juu ndani yake kulikuwa na miaka ya kutosha kukuza chembe. Hazikukua. Magma ile ina silika nyingi na imeshapoteza maji yake, ina mnato mkubwa mno, na mbegu zilikosa nafasi ya kujipanga. Kwa upande wa pili nenda Uluguru, Morogoro, ambako tangu enzi za Wajerumani watu wamekuwa wakichimba ulanga (maika) kwenye mishipa ya pegmataiti, mwamba wa magma wenye chembe kubwa mno. Mishipa mingine ni myembamba, upana wake hauwezi kushika joto kwa maelfu ya miaka, na bado inatoa karatasi za ulanga pana kuliko kiganja. Huko magma ilikuwa ya mwisho mwisho, imebeba maji na vitu vingine vinavyolegeza kimiminika, mbegu chache, chakula tele.

Kwa hiyo mtu akinionyesha jiwe lililotokana na magma na kuniuliza lilipoa kwa muda gani, siwezi kumjibu kwa ukubwa wa chembe peke yake. Nitamwuliza kwanza magma ilikuwa ya aina gani na ilikuwa na maji kiasi gani.

Kenaiti

Maelezo ya kawaida ya jiwe lenye fuwele kubwa ndani ya msingi laini ni hatua mbili. Kwanza magma ilikaa mahali pa joto, ikakuza fuwele chache kubwa. Kisha ikapanda haraka, ikamwagika, na kimiminika kilichobaki kikaganda papo hapo kikiwa kimezibeba fuwele. Hatua ya pili siibishii. Kioo hakina tafsiri nyingine kwenye jiwe la namna hii. Hatua ya kwanza ndiyo inayotaka kuangaliwa vizuri, maana neno "ilikaa" limebeba mzigo mkubwa.

Chukua fuwele moja ya anothoklasi ya kenaiti uitazame kwa lenzi. Kingo zake mara nyingi zimeviringika, kama kwamba kuna wakati kimiminika kilianza kuila tena. Ndani yake kuna vifuko vidogo vya kioo cheusi, vingine vimepangwa kwa mistari inayofuata umbo la fuwele. Fuwele inayokua kwa utulivu na ustaarabu husukuma kimiminika pembeni na kubaki safi. Hii ilikuwa ikikimbia, ikakua kwa matawi na kona, ikakifungia kimiminika ndani kabla hakijaondoka. Halafu ikasimama. Halafu ikaliwa. Halafu ikaendelea. Ukubwa wake si hesabu ya subira.

Mlima Kenya hauwezi kutuonyesha jambo hili likitendeka, umelala muda mrefu mno. Lakini kuna mahali pengine duniani penye jiwe hili, na ni mahali ambapo hakuna ambaye angepatafuta: Kisiwa cha Ross, Antaktika. Mlima Erebus, mita 3,794, una ziwa la lava ya fonolaiti lililo wazi kasokoni, na mawe yaliyoletwa Ulaya na misafara ya mwanzo wa karne ya 20 yalipochunguzwa yakatambuliwa kuwa kenaiti. Mvumbuzi Ernest Shackleton alijenga kibanda chake cha mwaka 1908 huko Cape Royds juu ya jiwe hilohilo. Machi mwaka huo watu wa msafara wake, wakiongozwa na Edgeworth David, walikuwa wa kwanza kufika ukingo wa kasoko ya Erebus, na huko juu walikuta fuwele za feldspa zimetapakaa zenyewe kwenye theluji na majivu, kioo chake kikiwa kimeshavunjika na kuondoka.

Gregory hakuwahi kufika huko, ingawa alikaribia. Aliteuliwa kuwa kiongozi wa sayansi wa msafara wa Robert Falcon Scott, kisha mwaka 1901 akajiuzulu kwa mvutano wa nani atakuwa na kauli ya mwisho, mwanasayansi au mwanajeshi wa majini. Laiti angekwenda, angeshuka melini na kulikuta jiwe alilolipa jina la Kenya muda mfupi kabla.

Erebus inarusha vipande vya lava kutoka ziwani, na ndani ya vipande hivyo karibu theluthi ni fuwele za anothoklasi, nyingine zikifika sentimita 10. Hizo si fuwele za zamani za chini zilizozolewa na mlipuko mmoja. Ziko kwenye mzunguko. Magma yenye gesi inapanda, gesi inatoka kwenye ziwa, magma iliyoishiwa gesi inazama, na fuwele zinabebwa pamoja nayo. Matabaka ya ukuaji ndani ya fuwele, yenye kemia inayobadilika kutoka kiini hadi ukingo, yanaonyesha kwamba zimepanda na kushuka mara nyingi kati ya hodhi la chini na uso.

Na hapa kuna jambo ambalo kanuni ya shule hailijui kabisa. Maji yakiwa ndani ya magma hushusha kiwango cha kuganda. Yakitoka, kiwango kinapanda. Magma iliyokuwa kimiminika kwa raha zake inajikuta ghafla iko chini ya kiwango cha kuganda, ingawa joto lake halijashuka hata digrii moja. Fuwele zinaanza kukua kwa sababu shinikizo limepungua, si kwa sababu kumekuwa baridi. Ikirudi chini, joto likapanda kidogo au gesi ikaingia tena, kingo zinayeyuka. Vifuko vya kioo, kingo zilizoviringika, matabaka: vyote vinapata maelezo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji magma "kukaa" mahali pamoja kwa utulivu.

Je, tuseme basi kwamba juu ya Batian palikuwa na ziwa la lava? Wapo wanaovutiwa na picha hiyo, nami naielewa, lakini sitakwenda huko. Jiwe linaniruhusu kusema kwamba fuwele za kenaiti zilipitia mabadiliko ya shinikizo na gesi kabla ya kumwagwa, na kwamba sehemu ya ukuaji huo haikuwa mbali na uso. Ziwa lililo wazi ni dai kubwa zaidi, na kasoko ambayo ingelithibitisha ndiyo hasa iliyoliwa.

Ndugu wa karibu wa jiwe hili yuko Kilimanjaro. Kibo imefunikwa kwa sehemu kubwa na lava zenye fuwele za msambamba za namna hiyo, na wapagazi wanaozikanyaga kila wiki wanazijua kwa macho kuliko maprofesa wengi. Ndugu wa mbali yuko Norway. Bonde la ufa la Oslo, ambalo lilifunguka na kufa karibu miaka milioni 300 iliyopita, lina lava za msambamba zilizoelezwa tangu mwaka 1810 na Leopold von Buch, na chini yake kuna mwamba wa kemia inayofanana ulioganda kwa chembe kubwa tupu: lavikaiti, kutoka Larvik. Huo wa mwisho huenda umeshauegemea. Ni lile jiwe la kijivu cheusi lenye mapande yanayowaka buluu ukisogeza kichwa, linalouzwa na mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam kwa ajili ya meza za jikoni, kwa kawaida kwa jina la graniti. Buluu hiyo inatoka ndani ya feldspa: sodiamu na potasiamu zilizochanganyika wakati wa moto zikajitenga katika tabaka nyembamba mno jiwe lilipokuwa likipoa, na mwanga unagongana humo. Kwa kazi hiyo ya kujitenga, tofauti na ukubwa wa chembe, muda kweli ulihitajika.

Kwa nini Batian imesimama

Husemwa mara nyingi kwamba kizibo kimebaki kwa kuwa chembe zake kubwa ni ngumu. Siafiki. Chembe kubwa peke yake ni udhaifu: kila chembe inapanuka na kusinyaa kwa kiwango chake jua linapochomoza na kuzama, maji yanaingia mipakani, na mwamba unamomonyoka chembe baada ya chembe hadi unakuwa changarawe. Tayari tumeona nefelini inavyooza kwanza. Fonolaiti iliyobana, kipande kwa kipande, ni ngumu zaidi kuipasua.

Kilichookoa vilele ni mambo mengine mawili. Chembe zimeshikamana pande zote bila kioo wala majivu katikati. Na mwili wote ni mmoja, hauna matabaka. Mlima uliouzunguka ulikuwa na lava juu ya majivu juu ya mawe yaliyorushwa, na barafu haihitaji kuvunja lava ikiwa inaweza kuchimba majivu chini yake na kuiacha ianguke yenyewe. Kizibo hakikuipa barafu pa kuanzia isipokuwa kwenye nyufa zake, na pale kati ya Batian na Nelion ilipopata mwanya kama huo ndipo pana lile pengo linaloitwa Gate of Mists. Halford Mackinder, aliyefika Batian kwa mara ya kwanza tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, alilazimika kukata ngazi kwenye barafu ya Diamond Glacier iliyoning'inia chini ya pengo hilo.

Kiasi gani cha mlima kimeondoka? Chembe haziwezi kutupa namba. Mtu anayekwambia kwamba milimita 5 za feldspa ni sawa na kilomita moja ya kifuniko anakuuzia kitu ambacho hakipo, kwa sababu zote tulizozipitia: upana wa koo, joto la kuta, maji. Makadirio ya mlima wa zaidi ya mita 6,000 yanatokana na kuzifuata lava za miteremko kwa mwinamo wake hadi zinapokutana hewani juu ya Batian.

Kenaiti, kwa upande wake, limepata kazi ambayo Gregory hakuifikiria. Kwa kuwa kioo cheusi chenye feldspa za msambamba hakifanani na kitu kingine chochote, jiwe lake hutambulika popote linapobebwa. Kwenye mwambao wa bara la Antaktika, ng'ambo ya ghuba ya McMurdo kutoka Kisiwa cha Ross, hadi kwenye midomo ya mabonde makavu, kuna mawe ya kenaiti yaliyotupwa juu ya ardhi ambayo chini yake hakuna kenaiti. Hakuna mto uliopita hapo. Yaliletwa na barafu iliyovuka bahari wakati wa enzi ya mwisho ya barafu, ikitoka upande wa kisiwa kwenda magharibi, na wanaoichora njia ya barafu hiyo wanalitafuta jiwe hilo kwa macho, wakitembea, bila maabara.